Vidole Kumi na Barua ya Sheha

Wateja wangu wa asubuhi wengi huingia na swali moja: "Dada, hii karatasi ya polisi naianzia wapi?" Nina duka la fotokopi hapa Chake Chake, Pemba. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za mtandaoni kwa wasiokuwa na simu kubwa wala muda wa kuhangaika nayo, na nachapisha namba ya malipo ili mtu akalipe. Zamani fomu nyingi zilikuwa za vyuo na mikopo ya wanafunzi. Siku hizi wanaongezeka wanaotakiwa wathibitishe kuwa hawana rikodi ya jinai: dereva wa gari ya skuli, mlinzi, mlezi wa watoto, kijana anayetaka kuongoza wageni, msichana anayekwenda kufanya kazi hotelini Unguja, anayeomba viza ya kazi Arabuni. Hawaombwi wote na ofisi ile ile, wala kwa sababu ile ile. Ila wote wakifika kwangu wana bahasha ile ile: barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yao, kopi ya kitambulisho, picha, risiti. Kilichobaki ni vidole kumi, na hivyo havitolewi kopi dukani.

Nataka kuvisemea hivi vidole, maana nasikia vinasemwa vibaya kwa pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wanaoona wametukanwa. Baba mmoja wa makamo alinijia juu pale kaunta: "Umri wote huu sijala haramu ya mtu, leo nitiwe wino kama mwizi?" Nilimwelewa. Kwetu tumezoea raia mwema atie dole gumba tu, kwenye hati ya shamba au daftari la malipo. Kuchukuliwa vidole vyote kumi tunakujua ni kwa mtu aliyekamatwa. Upande wa pili ni wa wenye skuli, wenye makampuni na wazee wa watoto wanaoamini kuwa karatasi ikishatoka safi, basi na mtu mwenyewe ni safi. Hawa wa pili ndio wanaonitia khofu zaidi, lakini nianze na yule baba.

Tatizo letu ni majina. Mpemba ana jina lake, la baba na la babu, na majina yenyewe tunazungushana hayo hayo. Tamka Ali Khamis Ali, au Fatma Juma Khamis, uone wangapi watageuka Wete peke yake. Mwaka wa kuzaliwa nao hausaidii sana kwa watu wazima. Nimejaza fomu nyingi ambazo tarehe ni 1 Januari kwa sababu siku ya kuzaliwa hakuna aliyeiandika. Mtaani hatupati taabu. Tunaongeza lakabu, tunaongeza kijiji, tunataja na mama, basi mtu ameshajulikana. Daftari la polisi halijui lakabu.

Jirani yangu mmoja aliyapata haya. Ni dereva, mtu wa msikitini na kazini, aliomba kuendesha gari ya kubeba wanafunzi. Waliomtaka waliulizia kwa jina tu, kwa kumpigia mtu wanayemjua, wakaambiwa jina hilo lina kesi ya wizi wa karafuu. Kazi akapewa mwengine. Wizi wa karafuu kwa Pemba si neno dogo, na habari ilifika kwa mkwewe kabla yeye mwenyewe hajarudi nyumbani. Sheha wake alikuwa tayari kumuapia, lakini sheha anamjua huyu wa kwake. Yule mwenye kesi ni wa shehia nyengine kabisa na hajawahi kumwona. Kilichomtoa ni vidole. Alikwenda, akatiwa wino kidole kimoja kimoja, majibu yakarudi kuwa alama zake hazifungamani na kesi yoyote. Nilimtolea kopi za kutosha akampelekea kila aliyesikia uzushi ule. Kwa hiyo, baba yangu, wino ule unakukinga wewe usije ukabebeshwa mzigo wa mwenye jina lako.

Na si sisi wa kwanza kusumbuliwa na majina. Utaratibu huu wa vidole haukuanza Ulaya kama wengi wanavyodhani. Umekulia upande wa pili wa bahari yetu hii hii. Mwaka 1858 huko Bengal, India, ofisa wa Kiingereza William Herschel alimtaka mkandarasi aitwaye Rajyadhar Konai apige kiganja chake kwenye mkataba ili asije akaukana. Baadaye, mwaka 1897, Kalkuta ikafunguliwa ofisi ya alama za vidole. Kazi ngumu pale haikuwa kuchukua alama, ilikuwa kuzitafuta: una maelfu ya karatasi kabatini, mtu kaja na jina la uongo, utaipataje karatasi yake? Vijana wawili wa ofisi ile, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walikuwa na mkono mkubwa katika kupata jibu. Waliangalia kama kidole kina mistari inayojizungusha au la, wakahesabu kwa vidole vyote kumi, ikatoka namba ya kukupeleka kwenye moja ya sehemu 1,024 za kabati. Jina halikuhitajika tena. London wakauchukua utaratibu huo mwaka 1901, na duniani ukajulikana kwa jina la mkubwa wao, Edward Henry. Mimi nawataja wale wawili kila ninapopata nafasi.

Mistari hiyo mtu anazaliwa nayo. Inajichora tumboni mwa mama katika miezi ya katikati ya mimba, na mapacha wa kufanana, ambao hata mama yao huwachanganya, vidole vyao havifanani. Chuoni tulisomeshwa Suratul Qiyama, pale Mwenyezi Mungu anaposema Ana uwezo wa kuzisawazisha hata ncha za vidole vya mwanadamu. Maalim wetu alikuwa akifika hapo anatwambia tuangalie mikono yetu, na darsa zima linanyamaza kuangalia.

Ila kuzaliwa nayo ni jambo moja, kubaki nayo kwa mikono ya kazi ni jambo jengine. Hapa nataka nikae kidogo.

Alinijia mama mmoja kutoka pwani za kaskazini, mkulima wa mwani tangu ujana wake. Mgongo ulishamchoka kuinama majini, akapata nafasi ya kuwa mlezi katika kituo cha watoto wadogo. Alikwenda kutoa vidole kwenye mashine, mashine ikakataa. Akarudia, ikakataa. Kijana aliyekuwa akimshughulikia akamwambia, "Bibi, wewe huna vidole." Alirudi dukani akaniwekea mikono juu ya meza ya kioo ya fotokopi, akaniuliza, "Mwanangu, mtu anakosaje vidole naye kalea watoto saba?" Ngozi ya ncha ilikuwa laini na ya kung'aa, haina mstari unaoonekana. Miaka ya chumvi, mchanga, na kufunga na kufungua zile kamba nyembamba za taitai ilishaupeleka kila kitu.

Hayuko peke yake. Wanawake wanaopiga makumbi wasokote kamba, mafundi wa uashi wanaoshika saruji kwa mkono mtupu, wanaoponda kokoto, hata wanaochambua karafuu msimu mzima kwa dole gumba: hawa ndio mashine huwakataa. Ni wale wale waliofanya kazi ya halali muda mrefu kuliko sisi tunaokaa kwenye viti. Haki gani hiyo, mikono iliyochoka kwa jasho iwe ndiyo inayomnyima mtu leseni?

Nimewauliza wanaoijua kazi, na haya ndiyo ninayowaambia wateja wangu. Mistari ikichakaa juu juu tu, hurudi, kwa sababu mzizi wake uko kwenye tabaka la chini la ngozi. Kisichorudi sawasawa ni kovu la kidonda kilichoingia ndani. Basi, kama una miadi, ipumzishe mikono siku kadhaa kabla. Paka mafuta ya nazi usiku. Asubuhi ya kwenda, osha kwa sabuni na ukaushe vizuri, maana mafuta yakibaki alama inateleza na jasho likizidi inajaa. Usikikandamize kidole kwa nguvu. Ukikandamiza, mistari na mabonde yake vinalala pamoja, inatoka doa. Mwachie askari akibingirishe mwenyewe kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi wa pili. Na kwa mabibi harusi na mashoga zao: piko ile nzito kwenye ncha za vidole isubiri. Nimeona waliorudishwa kwa ajili yake.

Utaona pia kuwa baada ya kuchukuliwa kimoja kimoja, unaambiwa uweke vinne kwa pamoja, kisha madole gumba. Watu hudhani askari kasahau. Hakusahau; vile vya pamoja vinahakikisha kuwa vya kwanza havikupishana nafasi.

Sasa, mashine ikikataa kabisa, ifanyweje? Mtoto wa ami yangu anaishi California, Marekani, na alipoomba leseni ya teksi ya mji wake alipitia haya. Nilimhoji kwa simu mpaka akachoka, kisha nikasoma mwenyewe. Kule mji hauwezi kujiamulia tu kuchungulia rikodi za watu. Lazima kuwe na sheria inayosema kazi gani inaangaliwa na kwa ajili gani. Kwa rikodi za FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu ya Marekani, ambayo imekuwa ikikusanya alama za vidole za nchi nzima tangu 1924, ipo sheria ya mwaka 1972 inayoruhusu waombaji wa leseni waangaliwe pale sheria ya jimbo inapotaka na serikali kuu imeikubali. Vidole vinapigwa kwa mashine, vinakwenda Wizara ya Sheria ya jimbo, kisha mbele zaidi ikiwa inaruhusiwa. Na vikikataliwa mara mbili kwa sababu havionekani, ofisi inaweza kuomba FBI itafute kwa jina badala yake. Mtu hanyimwi leseni kwa sababu tu mikono yake imechoka.

Kwetu kutafuta kwa jina peke yake kunaturudisha kwa jirani yangu na wizi wa karafuu. Lakini tunavyo vitu vyengine vya kushika: namba ya Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, namba ya kitambulisho cha taifa, na sheha anayeweza kusimama akasema huyu namjua, kakaa hapa tangu lini, na mama yake ni nani. Vikiwekwa pamoja, na ikaandikwa wazi kuwa vidole vimechakaa kwa kazi, yule mama wa mwani angekuwa na karatasi yake. Mwisho alisaidiwa kwa njia ya zamani: askari mtu mzima, wino na karatasi, akamfuta kidole na kurudia taratibu mpaka mistari ikaanza kuonekana. Alipata. Lakini alipata kwa sababu alikutana na mtu mwenye subira. Kungekuwa na utaratibu ulioandikwa, asingehitaji bahati hiyo.

Kitu chengine nilichokipenda kule ni hiki: mwombaji akinyimwa kwa sababu ya rikodi, anatakiwa apewe nafasi ya kuipinga au kuikamilisha kabla mambo hayajafungwa. Hili ni kubwa, kwa sababu madaftari ya kule yana ugonjwa unaojulikana: mtu kakamatwa, imeandikwa, kesi ikafutwa au akaachiwa huru, haikuandikwa. Miaka inapita, jina limekaa na kukamatwa bila mwisho wa habari. Na hata kulinganisha vidole kwenyewe kunaweza kukosea pale alama inapokuwa kipande tu kilichookotwa mahali. Mwaka 2004 FBI walimshika Brandon Mayfield, wakili wa Oregon aliyesilimu, wakasema alama iliyopatikana baada ya mabomu ya treni za Madrid ni yake. Polisi wa Uhispania wakaitambua kuwa ya mtu mwengine. Aliachiwa, akaombwa radhi, na mwaka 2006 serikali ikamlipa dola milioni 2. Vidole kumi vilivyochukuliwa kwa utulivu mezani havina utata wa namna hiyo, lakini mtu akikwambia mashine haiwezi kukosea, mkumbushe Mayfield.

Kwetu Zanzibar lipo jambo la kuangaliwa hapo. Mahkama zetu ni za Zanzibar, polisi ni wa Muungano. Kesi inahukumiwa huku, jalada la vidole liko kwa polisi. Kwa hiyo hukumu, au kufutwa kwa kesi, lazima isafiri kutoka mahkamani hadi kwenye jalada, na isafiri haraka. Anayenyimwa kazi aambiwe ni kwa kesi gani, ya mwaka gani, na imemalizikaje. Na makosa ya kipuuzi yasimfuate mtu mpaka kaburini. Kijana aliyepigana kwenye mpira akiwa na miaka kumi na tisa anaweza kabisa kulinda ghala akiwa na arobaini.

Neno moja kwa waajiri, maana haya nayaona dukani. Mnamtuma kijana na rundo la karatasi za polisi za wafanyakazi wote, anaziacha juu ya mashine anakwenda kunywa chai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu alama za mwili na habari za makosa ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kwa Zanzibar sheria hiyo inagusa mambo ya Muungano, lakini hata bila ya sheria, hiyo ni siri ya mtu. Mimi nazigeuza chini juu na kumsubiri. Kopi iliyoharibika naichana mbele ya mwenyewe.

Nimesema wanaonitia khofu zaidi ni wanaoiamini karatasi safi kupita kiasi. Karatasi ile inajibu swali moja tu: je, vidole hivi vimo kwenye jalada? Haijibu mtu huyu anafanya nini akiwa peke yake na mtoto wa miaka saba kwenye gari. Na sote tunajua kesi za udhalilishaji kwetu huishia wapi. Zinakaliwa barazani. Wazee wa pande mbili wanakutana, inatajwa ndoa, zinatajwa pesa, unatajwa udugu, mama wa mtoto anaambiwa asivunje nyumba mbili kwa jambo lililokwishatokea. Zanzibar tuna mahkama maalumu za makosa haya tangu 2021, na hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo mtoto anapokewa, anapimwa na kusikilizwa mahali pamoja. Mlango upo. Lakini shahidi asipotokea hakuna hukumu, na pasipokuwa na hukumu, hata mashine bora ya vidole duniani itarudisha jibu la "hana rikodi". Halafu sisi hao hao, mwaka unaofuata, tunaidai skuli ituoneshe karatasi ya dereva.

Namjua mmoja aliyekuwa nayo. Aliitoa kopi kwangu, imepigwa muhuri, safi. Alikuwa akibeba watoto. Familia mbili zilikwishamsamehe kabla, kimya kimya, na kila aliposamehewa alipata watoto wengine wa kubeba. Ya tatu mama alikataa. Walimwendea mpaka usiku, ndugu zake mwenyewe wakamnunia, mume akamwambia atakwenda mahkamani peke yake na akaenda kweli peke yake. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa. Alikuwa akija kwangu kutoa kopi ya fomu ya polisi na cheti cha mtoto, akiuliza bei kila mara kama kwamba huenda imepanda, na mara nyingi sikutaka kumtoza. Mtu yule alitiwa hatiani. Vidole vyake kumi sasa vimo, na hukumu iko juu yake. Siku atakapotoka, akiomba leseni ya kubeba watoto Mkoani, Mkokotoni au Tanga, kwa jina la baba yake au kwa lakabu yoyote atakayoivaa, jibu litarudi lile lile. Mama huyo ndiye aliyeliandika, na bado wapo katika ukoo wake wasiomwamkia.